MOYO, MISHIPA NA DAMU
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Magongo



Tulipobandika tangazo la mkutano huu, wengine wenu waliuliza: chama cha wafanya kazi na habari za moyo, wapi na wapi? Kazi ya chama ni mishahara, saa za kazi na likizo. Ni kweli. Lakini mfanya kazi anapopatana na tajiri, anachouza ni nini? Hana ghala wala meli. Auza nguvu za mwili wake kwa saa, na nguvu hizo zote, za bega la kuli na za vidole vya fundi wa cherehani, huletwa na damu. Damu nayo haiendi yenyewe, husukumwa. Mali yetu ni hiyo, na mwenye mali hana budi kuijua.

Tena iko sababu ya pili. Tumezika wenzetu ambao hawakuwa wazee. Mtu ametoka zamu ya usiku, amekunywa chai, amelala. Watoto kumwamsha, upande mmoja umepooza na ulimi mzito. Watu wakasema kuna mkono wa mtu. Sisi twasema, kabla ya kumtafuta mtu, tuitazame kwanza pampu na mabomba yake.

Hebu kila mmoja akunje ngumi. Moyo wako u kadiri ya ngumi yako, na uzito wake ni kama gramu 300. Umekaa katikati ya kifua, umeelekea kidogo kushoto. Ni nyama, lakini nyama ya namna yake, kwani nyama ya mkono ikibeba mchana kutwa huchoka ikaomba kulala, na hii ilianza kupiga ulipokuwa tumboni mwa mama yako na haijalala hata leo. Mapumziko yake ni kile kitambo kidogo baina ya pigo na pigo. Hilo lenyewe ni neno la kuwaambia wasimamizi wasemao kuwa mapumziko ni uvivu.

Ndani una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta katikati usioruhusu damu ya kulia kuchanganyika na ya kushoto. Kwa hivyo ni pampu mbili zilizoshikana, zinazopiga kwa wakati mmoja. Ya kulia hupokea damu iliyorudi kutoka mwilini, imechoka, imebeba hewa chafu, ikaisukuma mapafuni. Mapafu ni jirani, hapana safari ndefu, basi ukuta wa pampu hiyo si mnene. Ya kushoto hupokea damu iliyokwisha kusafishwa mapafuni ikaisukuma kichwani, mikononi, tumboni, mpaka kwenye kidole cha mwisho cha mguu, kwa hivyo ukuta wake ni mnene sana kuliko ule wa kulia. Baina ya vyumba, na penye milango ya kutokea, mna vilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, vyajifunga ili isirudi. Ule mlio daktari ausikiao kwa mpira wake, du-dup, du-dup, ni mlio wa vilango hivyo vikijifunga.

Sasa makarani wa kuhesabu mizigo watusaidie. Mtu aliyekaa kitako hupigwa na moyo kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa kama mililita 70 za damu. Hiyo ni karibu lita 5 kwa dakika. Kwa saa moja ni karibu lita 300, yaani pipa moja na nusu la mafuta, lile pipa la lita 200. Kwa siku nzima, usiku na mchana, ni mapipa 35. Na hapo mtu amekaa tu! Akipandisha magunia, moyo hupiga mbio zaidi na kila pigo hutoa zaidi, hata hufika lita 15 au 20 kwa dakika.

Lakini mtu mzima ana damu lita 5 tu, zaidi au pungufu kidogo kwa kadiri ya umbo lake. Mapipa 35 yatoka wapi? Hesabu hii ndiyo iliyomwongoza mganga mmoja wa Uingereza, William Harvey. Zamani watu walidhani kuwa damu hutengenezwa upya kila siku kwa chakula, ikaenda viungoni ikaisha huko. Harvey alihesabu damu itokayo moyoni kwa nusu saa akaona yapita damu yote iliyomo mwilini. Basi haiwezi kuwa nyingine. Ni ile ile yazunguka. Akaandika kitabu chake mwaka 1628. Lakini tusisahau kuwa karne kadhaa kabla yake, huko Misri, tabibu Ibn al-Nafis, aliyefariki mwaka 1288, alikwisha kuandika kuwa damu ya upande wa kulia haivuki ukuta wa moyo, bali huzunguka kwa njia ya mapafu ndipo ifike kushoto. Elimu haikutoka upande mmoja wa bahari.

Wale waliofanya kazi Changamwe wayajua mabomba. Tangu mwaka 1978 mafuta husukumwa kwa bomba kutoka hapa kwetu kupanda mpaka Nairobi, na kwa kuwa ni mlima, pampu hazina budi kuwa na nguvu. Mwili ni hivyo hivyo, ila kwa jambo moja. Mafuta yakifika Nairobi hayarudi. Damu hurudi, tena chote ilichobeba katika safari moja hukipata na kukitoa kwa muda wa dakika moja hivi.

Mabomba ya mwili ni ya namna tatu. Yale yatokayo moyoni, tuyaite ateri, yana kuta nene zinazovutika kama mpira, kwa sababu hupokea kishindo cha kila pigo. Ukibonyeza kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hicho unachokisikia ni kishindo hicho kikipita. Ateri hugawanyika na kugawanyika, kama barabara kuu inavyotoa vichochoro, hata zikawa nyembamba kupita unywele, na chembe za damu hupita humo moja moja kwa kufuatana. Hapo ndipo biashara yote inapofanywa. Kuta za vimishipa hivyo ni laini mno, hewa safi na sukari huvuka kwenda kwenye nyama, na takataka huvuka kuingia kwenye damu. Kisha vimishipa vyaungana, vyawa vena, nazo ndizo zirudishazo mzigo nyumbani.

Mkumbuke kuwa damu iliyofika kwenye wayo ina mlima wa kupanda, na kishindo cha moyo kimekwisha isha nguvu. Nani huipandisha? Nyama za miguu. Kila unapopiga hatua nyama za ndama hubana vena, damu ikaruka juu, na vilango vilivyomo ndani ya vena huizuia isishuke. Kwa hiyo mlinzi anayesimama mlangoni usiku kucha bila kusogea, na mama anayekaa kwenye cherehani saa kumi, wote wawili hupata dhara moja: damu hukaa chini, miguu huvimba, mishipa hutokeza kama kamba. Anayetaka kiti kwa mlinzi, au ruhusa ya fundi kunyoosha miguu kila baada ya muda, haombi starehe.

Mishipa ina akili ya kugawa. Damu haitoshi kujaza kila mahali kwa wakati mmoja, kwa hivyo vimishipa hufunguka hapa na kubana pale. Ukibeba mzigo, ya mikono na miguu hufunguka na ya tumbo hubana. Jua likiwa kali, ya ngozi hufunguka ili damu itoe joto nje na jasho litoke. Basi mtazame mtu anayeshusha saruji saa saba mchana, mwezi wa Februari, katika joto la Mombasa. Moyo wake una mabwana wawili, nyama zataka damu na ngozi yataka damu, na huku jasho lapunguza maji ya damu yenyewe. Pampu ina kazi maradufu na mzigo umepungua katika bomba. Ndipo mtu huona kizunguzungu akaanguka. Maji ya kunywa karibu na kazi, na kivuli cha kupumzikia, tutaendelea kuvidai katika kila mapatano.

Na moyo wenyewe wala nini? Damu ijazayo vyumba vyake hupita tu, haiulishi. Una mishipa yake midogo iliyouzunguka kwa nje. Ni kama karani wa benki, mamilioni ya watu hupita mikononi mwake, naye hungoja mshahara wake kama wengine. Mishipa hiyo ikiziba kwa mafuta, sehemu ya moyo hufa kwa njaa. Maumivu ya kubana kifuani yanayokwenda begani au tayani, pamoja na jasho la baridi, si ya kungoja asubuhi. Mtu apelekwe hospitali saa ile ile.

Sasa damu. Ukiiacha katika chupa ikatulia, utaona kuwa zaidi ya nusu yake ni maji ya manjano yaliyobeba chakula, chumvi na takataka. Kilichobaki karibu chote ni chembe nyekundu. Ziko pia chembe nyeupe, ambazo ni askari wa kupigana na maradhi, na vijichembe vidogo zaidi vya kuziba palipokatika. Chembe nyekundu huzaliwa ndani ya mifupa, huishi kama siku 120, kisha huvunjwa na chuma chake hutumiwa tena. Ndani yake mna kitu kiitwacho himoglobini, chenye chuma, nacho ndicho kishikacho hewa ya oksijeni mapafuni na kuiachia viungoni. Hicho ndicho mkokoteni wa kuchukulia mzigo. Na hapa twataka mtusikilize sana, kwani adui wawili wa mkokoteni huo tunao karibu na milango yetu.

Wa kwanza ni jiko la mkaa. Wengi wetu twakaa chumba kimoja, na mvua ikinyesha au mbu wakizidi, jiko huingizwa ndani na mlango hufungwa. Mkaa ukiwaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Himoglobini huipenda hewa hiyo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Huishika, haiiachii. Moyo wapiga, mishipa iko wazi, damu yazunguka, na mikokoteni yote imejaa mzigo wa sumu. Mtu hupata kichwa kuuma, kisha usingizi, kisha asiamke. Jiko lilale nje hata kama mkaa waonekana umekwisha. Gereji iliyofungwa na gari linanguruma ndani ni jambo lile lile, na mwenye sigara hujiletea hewa hiyo kidogo kidogo mwenyewe.

Wa pili ni madini ya risasi, na habari yake haikutoka mbali. Huko Mikindani, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilifanya kazi tangu mwaka 2007 hata 2014. Moshi na vumbi viliingia majumbani, na maji yake yakapita kijijini. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale, mwanawe mchanga akaugua, na alipopimwa ikaonekana ana risasi katika damu. Hakunyamaza. Aliwapeleka wengine kupimwa, akafanya maandamano, akakamatwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo ya malipo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Risasi hufanya nini? Vumbi lake huvutwa kwa pua, au huliwa na mtu aliyeshika chakula bila kunawa. Likiingia katika damu, karibu lote hukaa ndani ya chembe nyekundu, nalo huzuia utengenezaji wa himoglobini hata damu ikapungua nguvu. Hupandisha presha. Kisha hujificha katika mifupa miaka mingi, likitoka kidogo kidogo. Kwa mtoto ni baya zaidi, kwani huharibu ubongo unaokua, wala hakuna kiasi kidogo ambacho waganga wamekiona kuwa salama. Tena mfanya kazi aweza kulipeleka nyumbani bila kujua, katika nguo na nywele. Kila mwanachama ashughulikaye na betri, rangi za zamani au kuchomelea vyuma vilivyopakwa rangi, apewe mahali pa kuoga na kubadili nguo kazini, na kupimwa damu kwa gharama ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kuwa mfanya kazi aliyeondoka mahali penye hatari kubwa, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, asifukuzwe wala asiadhibiwe. Kwanza amwarifu msimamizi wake, na sisi twasema amwarifu pia mwakilishi wa chama.

Yako pia mambo ya damu yasiyoletwa na mwajiri ye yote. Wako kati yetu, wa pwani na wa ziwani, waliozaliwa na selimundu. Chembe zao nyekundu, badala ya kuwa mviringo, hukunjika kama mundu, zikakwama katika vimishipa vile vyembamba, na penye msongamano huo pana maumivu makali mno. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwa nini jambo hili limeenea penye malaria: aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hana ugonjwa, tena amekingwa na malaria kali, aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeteseka. Basi msimamizi akiona kijana yu hoi kwa maumivu ya mifupa siku ya baridi au ya kazi nzito, asimwite mvivu.

Tumefika kwenye presha. Ni nguvu ambayo damu hubana nayo kuta za ateri, na hupimwa kwa hesabu mbili, ya juu moyo unapobana na ya chini unapolegea. Hesabu ya 120 kwa 80 au chini kidogo ni nzuri. Ikifika 140 kwa 90 na kuzidi, kwa kupimwa zaidi ya mara moja, ni ugonjwa. Bomba lililobanwa mno kwa miaka huwa gumu, huchakaa, mwisho hupasuka au huziba. Likiwa la ubongo ndiyo kiharusi. Likiwa la figo, figo hufa. Na pampu nayo, kwa kusukuma dhidi ya ukuta mgumu, hunenepa kisha hulegea. Ubaya wake ni kuwa mwenye presha aghalabu hasikii kitu. Hatuwezi kuijua kwa kumtazama mtu usoni.

Mwaka 1990 ulichapishwa uchunguzi wa vijana wa Kijaluo waliotoka mashambani magharibi ya Kenya wakahamia Nairobi, wakalinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Waliohamia presha yao ilipanda upesi baada ya kufika mjini. Ilionekana kuwa chumvi waliyokula mjini ilizidi, na madini ya potasiamu, yapatikanayo katika mboga na matunda, yalipungua. Uzito wao nao ulipanda, na moyo ukapiga mbio zaidi. Haikuwa damu ya kabila. Watu wale wale, chakula kingine na maisha mengine. Magongo ni mji wa watu waliohama, kutoka Nyanza, Ukambani, Taita na Kilifi, kwa hivyo uchunguzi ule ulikuwa ni wetu ijapokuwa ulifanywa Nairobi. Chipsi za kando ya barabara zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili, na mchuzi wa kibandani, vyatuhusu. Mchicha, ndizi na maharage si vyakula vya maskini wa kuvionea haya.

Wengi hawataki kupimwa kwa kuogopa kuwa tajiri akijua watapoteza kazi. Hofu hiyo twaifahamu. Lakini presha hupimwa kwa mkanda wa mkononi, dakika chache, na dawa zake humfanya mtu afanye kazi miaka mingi, mradi asiziache siku ajionapo mzima. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Penye mapatano ya chama yaliyo bora zaidi, hayo ndiyo yafuatwe. Atakayenyimwa alete cheti chake ofisini.

Baada ya maneno haya mama mmoja aliuliza kama kutoa damu hospitali hakumdhoofishi mtu mwenye kazi ngumu. Tulimjibu hivi. Hutolewa kama mililita 450 katika zile lita 5, baada ya kupimwa kwanza kama mtu anafaa. Yale maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili akinywa vizuri. Chembe nyekundu mifupa huzitengeneza kwa majuma kadhaa, ndiyo sababu hapana ruhusa ya kutoa tena upesi. Siku ile asibebe mizigo mizito wala asipande juu ya paa. Akasema, basi tajiri ampe mtu siku hiyo. Neno lake limeandikwa katika orodha ya madai ya mapatano yajayo.